Kazi ya mshahara na komite ya wazazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Lubumbashi

Shule zinapofungua Septemba, wazazi wanakutana kuchagua komite, na macho ya watu huenda moja kwa moja kwa wenye kazi ya mshahara. Hoja yao ni kwamba mwenye kazi anajua kuandika, anafahamiana na watu mjini, na hana njaa ya kumfanya aguse sanduku. (Hiyo ya mwisho mniruhusu niipite.) Hakuna anayeuliza huyo mtu atatoa saa wapi. Mimi naongoza komite ya shule moja ya msingi ya serikali, na ofisini natakiwa kila siku, kwa hiyo maswali haya yananikuta hata kwenye matanga. Nayajibu hapa kama ninavyoyajibu kwa mdomo.

Komite ya wazazi na COGES, si kitu kimoja?

Hapana, na anayezichanganya atajikuta anafanya kazi ya mwingine. Komite ya wazazi, ile tunayoiita COPA, ni ya wazazi wenyewe: inachaguliwa na mkutano mkuu wao, na prezida wake ni mzazi. COGES ni baraza la usimamizi wa shule. Humo direkta (mwalimu mkuu) ndiye kiongozi, na wazazi na walimu wana wajumbe wao. Fedha na matumizi ya shule yanajadiliwa huko.

Kwa mtu mwenye kazi, tofauti hiyo ina faida kubwa. Si wewe wa kununua chaki, wala kumtafuta fundi wa kuzibua choo saa nne asubuhi. Wewe unauliza, unakagua, unasema wazazi wanataka nini, na unasaini kile tu ulichokiona kwa macho yako. Ukijiona umesimama dukani unanunua kufuli ya ofisi ya direkta wakati wenzako kazini wanakutafuta, ujue umeshavuka mpaka.

Shule ya msingi ni bure siku hizi. Sasa komite inachangisha nini?

Swali zuri, na ndilo linalowatoa jasho maprezida wengi. Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi ni ya lazima na ni bure katika shule za umma. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 ikarudia hivyo hivyo, na utekelezaji wenyewe ulianza mwaka wa shule wa 2019-2020. Shule za makanisa zilizo na mkataba na serikali nazo zinahesabiwa kuwa za umma. Shule za binafsi hazimo.

Kwa hiyo ile "prime", fedha ambayo wazazi wa nchi hii walianza kuwalipa walimu mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali iliposhindwa kuwalipa, haina nafasi tena katika shule ya msingi ya umma. Lakini madawati hayakuja pamoja na tangazo. Watoto waliongezeka sana, madarasa yakabaki yale yale, na dawati la watoto wawili likakaliwa na watatu au wanne. Ndipo wazazi wanaposema: tufanye kitu.

Kufanya kitu kunaruhusiwa, kulazimisha hapana. Mimi napima hivi: mtoto akirudishwa nyumbani, jina lake likisomwa mbele ya wenzake, au buleteni yake (karatasi ya alama) ikizuiliwa kwa sababu baba yake hakutoa, huo si mchango tena, ni minervale (karo ya shule) imebadilishwa jina. Na hapo wewe prezida ndiye utakayetajwa, maana maneno yatakuwa "komite ndiyo imeamua". Ukisikia maneno hayo, uliza: uamuzi huo uko ukurasa gani wa kaye (daftari) ya mikutano? Kama haumo, haukuamuliwa.

Nimewahi kuombwa nikubali orodha ya wasiochanga ibandikwe mlangoni. Sikukubali, na sitakubali. Mama anayeuza makala (mkaa) kando ya barabara hana haja ya kuelimishwa na karatasi ya mlangoni kwamba hana falanga (fedha).

Inakula saa ngapi kwa juma?

Ukiiacha ijitawale, itakula zote. Ukiipangia, jioni moja katikati ya juma na sehemu ya Jumamosi vinatosha kwa miezi mingi. Miezi mizito ni Septemba, kwa sababu ya kuandikisha watoto na uchaguzi, halafu Mei na Juni, kwa sababu ya mitihani ya darasa la sita na maandalizi ya kufunga mwaka. Aprili pia ina siku yake: tarehe 30 ni sikukuu ya walimu, na wazazi hupenda kutoa chochote. Kama kazini kwako kuna kufunga hesabu au kuhesabu mali ya ghala katika miezi hiyo, mwambie makamu wako mapema, siyo siku yenyewe.

Sheria ya kazi inanipa ruhusa ya kwenda kwenye mikutano ya shule?

Haikupi. Kanuni ya kazi ya 2002 inaweka saa zisizozidi 45 kwa juma na 9 kwa siku, na inataja siku za ruhusa kwa mambo maalumu: siku 2 ukioa au kuolewa, siku 2 mke akijifungua, siku 4 ukifiwa na mwenzi wako, mzazi au mtoto, na mengine ya namna hiyo. Mkutano wa komite hautajwi popote. Kuna likizo yako ya mwaka, na kuna maelewano kati yako na shefu wako. Basi.

Ndiyo maana naona mkutano wa komite uliowekwa Jumatano saa tatu asubuhi umewekwa ili wenye kazi wasifike. Mara nyingine ni desturi tu, mara nyingine si desturi. Mkutano wa kwanza kabisa wa mwaka, omba saa ziandikwe katika kanuni za ndani: komite inakutana Jumamosi asubuhi au jioni baada ya kazi. Jumamosi asubuhi nzuri zaidi kuanzia Novemba hadi Aprili, kwa sababu mvua yetu inapenda kuanguka mchana, na ikianguka juu ya mabati ya shule, hata mwenye sauti ya mhubiri hasikiki. Watu wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegota kwenye ubao, kila mtu anaona midomo ikitembea tu. Uamuzi uliopitishwa katika hali hiyo utaleta ugomvi mwezi unaofuata.

Nimwambie shefu wangu kwamba nimechaguliwa?

Mwambie, kwa maneno machache, kabla hajasikia kwa wengine. Usiombe upendeleo ambao hujauhitaji. Mwambie kwamba mikutano ni nje ya saa za kazi, na kwamba mara chache katika mwaka utaomba ruhusa ya saa mbili tatu na utazirudisha. Mashefu wengi hapa nao ni wazazi, wanaelewa. Kisicholeta maelewano ni karatasi za shule kutoka kwenye mashine ya ofisi. Fotokopi za komite zipigwe kwenye vibanda vya sekretaria vilivyo karibu na shule, risiti ichukuliwe, iingie kwenye kaye. Nenda asubuhi, umeme ukiwepo.

Direkta ananipigia simu kila siku saa za kazi. Nifanyeje bila kumkosea heshima?

Direkta hakupigii kwa ubaya. Yeye ana watoto mia kadhaa, ana walimu wasiotosha, ana wakaguzi, ana mzazi aliyekuja na hasira mlangoni. Kila tatizo linapomfikia, jina la kwanza linalomjia ni lako, kwa sababu wewe unapokea. Kadiri unavyopokea, ndivyo unavyozidi kupigiwa.

Nenda kumwona, ana kwa ana, jambo hili halisemwi kwa ujumbe. Mwambie: "Direkta, mimi ni wako Alhamisi jioni, saa kumi na moja nitakuwa hapa. Yote yanayoweza kungoja, yaandike, tutayapitia moja moja. Lisiloweza kungoja, mpigie makamu wangu, Mama fulani, yuko karibu na ana mamlaka sawa na yangu." Halafu timiza. Alhamisi mbili za kwanza usikose hata kama kuna mvua ya mawe, maana huo ndio msingi wa neno lako.

Yasiyoweza kungoja ni machache: mtoto ameumia, ukuta au paa limeanguka, kuna fujo mtaani na watoto wako shuleni. Mzazi aliyemtukana mwalimu anaweza kungoja hadi Alhamisi. Ukweli ni kwamba ifikapo Alhamisi nusu ya mambo hayo yameshajiishia yenyewe.

Na jambo moja ambalo watu hawapendi nikilisema: prezida anayefurahia kupigiwa simu mbele ya wenzake ofisini, "subirini, ni direkta", huyo hahitaji ushauri wangu. Anapata alichokitaka.

Kundi la WhatsApp linanimaliza. Nilifunge?

Usilifunge, lifungie midomo. Weka kundi ambalo wanaoandika ni prezida, makamu na katibu peke yao: tarehe za mikutano, matangazo ya shule, hesabu ya mwezi. Anayetaka kusema kitu amwandikie katibu. Watalalamika juma moja, kisha watashukuru, kwa sababu sala za asubuhi, picha za maua na matangazo ya bidhaa kutoka mpakani Kasumbalesa zilikuwa zinamaliza megabaiti za kila mtu, siyo zako tu.

Kumbuka pia kwamba kundi si wazazi wote. Wako wenye simu ya vibonye, wako wasiosoma Kifaransa, wako bibi na babu wanaolea wajukuu. Tangazo muhimu liandikwe kwa Kiswahili kwenye kipande cha karatasi, mtoto alibandike kwenye kaye yake, na mwalimu alisome darasani. Njia ya zamani, na inafika.

Odio za dakika sita zinazoanza na "Mama Prezidante, samahani kwa usumbufu" usizisikilize kazini. Zingoje jioni.

Nani ashike falanga?

Si wewe. Hata kama wote wanakuamini. Hata kama ni kwa usiku mmoja tu.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hakuna kinachowaangusha wenye kazi kama hiki. Mzazi anakutana nawe asubuhi unawahi taxi, anakupa franka za mchango, unaziweka mkobani, unasema nitaandika nikifika. Unafika, mkutano, simu, chakula cha mchana umelipia kutoka kwenye mkoba huo huo. Jioni hukumbuki zipi ni zako. Hukuiba, lakini ukiulizwa huwezi kuonyesha. Na mtaani hakuna atakayetofautisha.

Au mtu anakutumia kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, kwa sababu namba yako ndiyo anayo. Namba hiyo imeandikishwa kwa jina lako, fedha za shule zinachanganyika na mshahara na karo ya mdogo wako. Mrudishie siku hiyo hiyo na umpe namba ya mtunza fedha, moja tu, iliyotangazwa kwenye mkutano mkuu na inayotumika kwa komite peke yake.

Mtunza fedha awe mtu anayepatikana mchana karibu na shule: mama mwenye duka, baba mstaafu. Aandike kwenye kitabu cha risiti chenye kaboni, karatasi ya juu ya mzazi, ya chini inabaki. Kaye ya kaisse (daftari la fedha) iwe na safu za dola na franka mbali mbali, na kila siku ya kupokea iandikwe dola siku hiyo inabadilishwa kwa franka ngapi. Bila hiyo, mwisho wa mwezi mtagombana juu ya tofauti iliyoletwa na soko tu. Kila matumizi yawe na saini mbili. Na mkutano mkuu uchague wazazi wawili wasio wa komite wa kukagua hesabu. Wawe wale wanaouliza maswali ya kuudhi, ndio wazuri kwa kazi hiyo.

Kazi yako wewe: kufungua kaye hiyo kila Alhamisi, kuhesabu kilichomo pamoja na mtunza fedha, kuweka saini chini ya mstari wa mwisho. Haichukui muda mrefu.

Mzazi ametoa dola iliyochanika kidogo. Tuipokee?

Hapana. Unajua mwenyewe: chaniko la ukubwa wa punje ya mchele pembeni na muuza mbao anaitupa usoni. Mtunza fedha aiinue kwenye mwanga mbele ya mzazi, ageuze pande zote mbili, apitishe kidole kwenye kingo, na kama ina kasoro airudishe palepale kwa upole. Ikishalala kwenye sanduku haina tena mwenyewe.

Wazazi hawaji kusaidia. Kazi yote inabaki kwangu na watu wawili.

Mara nyingi wazazi wanaitwa vibaya. "Wazazi wote waje Jumamosi kusaidia shule" haimwiti mtu yeyote, na wazee wetu wanasikia humo harufu ya salongo ya zamani, ile kazi ya umma ya kulazimishwa, kwamba usipokuja utaandikwa. Lakini mtafute mtu kwa jina, mwombe kitu anachokijua, chenye mwisho.

Nitatoa mfano wa madawati. Madawati yetu mengi ni ya chuma na mbao. Yanaanza kuharibika kwenye maungio: bolti inapotea, ubao unacheza, mtu anapigilia msumari, msumari unatokeza kichwa upande wa pili, na kila juma sketi ya buluu ya mtoto inachanika pale pale. Mama anashona, kesho inachanika tena. Ukitangaza "tunahitaji madawati", wazazi wanasikia dola na wanakaa kimya. Ila shuleni kwenu yumo baba anayechomelea mageti ya watu katika komini za Katuba au Kenya hapa mjini. Mwendee nyumbani: "Papa, Jumamosi saa mbili hadi saa sita, madawati ya darasa la tatu tu, sisi tunaleta bolti na mbao, wewe unaleta mashine." Atakuja, na ataleta kijana wake. Yule mama mshonaji atapika bukari (ugali) na sombe (kisamvu), bila kuombwa mara mbili. Jumamosi hiyo prezida hana kazi zaidi ya kushika ubao mwisho mmoja.

Wenye kazi za mshahara nao wana namna yao. Mhasibu asiulizwe kubeba mchanga, apewe kaye aikague nyumbani usiku. Muuguzi aje mara moja kwa muhula awaonyeshe watoto kunawa mikono, hasa mvua zikianza na kipindupindu kikisemwa. Dereva abebe mbao akirudi.

Na wako wasioweza chochote mwaka huu. Waacheni. Mtu ana mgonjwa, mtu ameachishwa kazi.

Mimi niko mgodini Kolwezi, narudi nyumbani kwa zamu. Naweza kuwa prezida?

Kwa maoni yangu, hapana. Kuwa mshauri, au simamia jambo moja lenye mwanzo na mwisho. Kolwezi ni zaidi ya kilomita 300, na shule haiwezi kungoja zamu yako iishe ndipo karatasi isainiwe. Anayefanya kazi Kipushi na kulala Lubumbashi, hiyo ni habari nyingine, ila naye awe na makamu mwenye nguvu kweli. Wengi huchagua makamu kwa kumridhisha mtu. Mwenye kazi amchague makamu anayeweza kuongoza mkutano peke yake na kumkatalia direkta.

Bwana yangu anasema nimeolewa na shule.

Sikiliza kwanza kama ana haki. Kama Jumamosi zote zimeisha huko na simu inalia mezani, anayo. Weka jioni za nyumbani ambazo hazivunjwi na mtu, na simu ikae chumbani. Lakini kama Jumamosi zako anazihesabu, na za kwake za mpira hazihesabu, hilo si suala la komite tena; tafuteni mkubwa wa familia mnayemheshimu wote wawili. Wanaume ninaowaona wakilalamika sana huwa hawajawahi kufika shuleni. Mpe kitu cha kufanya huko.

Mwanangu anasoma hapo. Walimu hawatamwonea, au kumpendelea?

Yote mawili hutokea. Mambo ya alama za mtoto wako asiyafuatilie prezida, ayafuatilie mwenzi wako au ndugu. Na usiingie darasani mwake siku ya kukagua madarasa, mwachie makamu.

Mheshimiwa mmoja ametoa mabati na anataka kuyakabidhi kwa sherehe, watoto wamevaa fulana zake.

Mabati, asante sana, yaandikwe kwenye kaye kwa idadi na kukabidhiwa kwa COGES. Fulana, hapana. Watoto wana sare yao, nyeupe na buluu.

Kuna posho?

Hakuna. Nauli ya kazi maalumu inaweza kurudishwa kwa risiti, kama mkutano mkuu umekubali. Anayegombea kwa kutarajia posho ataipata, na hapo ndipo matatizo yanapoanza.

Nimechoka. Nijiuzulu katikati ya mwaka?

Kama kazi yako ya mshahara imeanza kutikisika, ndiyo, bila aibu, kwa barua yenye tarehe. Mshahara huo ndio unaomsomesha huyo mtoto. Kama ni uchovu wa kawaida, jaribu kwanza kumwachia makamu mwezi mzima, umwambie direkta na wazazi kwamba umefanya hivyo. Usipotee kimya kimya. Komite yenye prezida asiyeonekana wala kuondoka ni mbaya kuliko isiyo naye, kwa maana hakuna anayethubutu kukaa kwenye kiti chake.

Nimechaguliwa Jumamosi iliyopita. Nianzie wapi?

Kabla ya kitu chochote, makabidhiano. Mkae na prezida wa zamani, watunza fedha wote wawili, wa zamani na mpya, pamoja na direkta kama shahidi. Mpokee kaye ya mikutano, kaye ya kaisse, vitabu vya risiti pamoja na visivyotumika, muhuri kama upo, orodha ya mali ya komite, na kilichomo kwenye sanduku, kihesabiwe mezani dola mbali na franka mbali. Andikeni, wote wasaini, kila upande ubaki na nakala. Ukiambiwa kaye ya mwaka jana imepotea, au imeliwa na mchwa, usibishane. Andika kwenye karatasi hiyo hiyo kwamba haikukabidhiwa, na jina la aliyekuwa nayo mwisho, mfungue mpya kuanzia tarehe ya siku hiyo.

Baada ya hapo, kapange na direkta kuhusu Alhamisi.